Kashuka

Mama Vifungo aliutikisa mkebe wa dawa za mumewe kama alivyoutikisa kila asubuhi. Ukalia vizuri tu, chakachaka, akaurudisha juu ya kabati. Halafu sijui ni shetani au malaika, kila mtu ana wake, aliyemwambia hebu ufungue leo. Akaufungua. Ndani kulikuwa na misumari. Misumari midogo ya nusu inchi, ile ya kupigia mbao nyembamba za mgongo wa kabati, imejaa robo tatu ya mkebe.

"Hii nini?" aliuliza, ingawa mwanamke aliyeolewa na seremala miaka kumi na minne haulizi msumari ni nini.

Kitandani, Fundi hakugeuka. Alikuwa akiutazama ukuta tangu Jumatano na leo ilikuwa Jumatatu. Ukuta wenyewe ungekuwa na haya ungeshahama. Hakuwa ameoga, ndevu zimemwota ovyo, na chai ya jana ilikuwa chini ya kitanda imeota utando.

"Baba watoto, vidonge viko wapi?"

Fundi alivuta shuka mpaka begani.

"Nakuuliza wewe, siulizi ukuta."

"Nilitoa."

"Ulitoa ukaweka wapi?"

"Nilitoa sadaka."

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Bibi alikuwa na uziwi wa aina yake: akitumwa hasikii, akisengenywa anasikia hata nyumba ya tatu. "Kasema nini?"

"Kasema kavitoa vidonge sadaka, mama."

"Kwani pesa hana?"

Mama Vifungo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sasa kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani mwake. Ilikuwa ile Jumapili ya Ushindi, wiki tano zilizopita, siku ambayo kwaya nzima ilipendeza kwa majoho mapya na yeye aliyeyashona alibaki nyumbani amelala fofofo, vidole vimevimba. Alisimuliwa baadaye kwamba kulikuja mhubiri mgeni mwenye viatu vyeupe, akaweka kapu katikati ya kanisa na kupiga kelele kwamba mwenye mzigo alete mzigo, na kwamba anayebaki na dawa yake anamwambia Mungu wazi wazi simwamini. Watu walilia, wakaenda mbele. Alisimuliwa yote hayo, ila hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumwambia, dada, mumeo naye alikwenda.

Wiki mbili baadaye Fundi akapanda.

Neno hilo walipewa na nesi wa kliniki, mwanamke mfupi asiye na muda wa maneno marefu. Alichora mstari kwenye karatasi, mlima hapa, bonde pale, akasema: "Akili yake haina kasoro. Hali ya moyo ndiyo inayomsumbua. Kuna siku inapanda ikapitiliza, kuna siku inashuka ikapitiliza. Vidonge hivi vinaishika hapa katikati." Tangu siku ile nyumba nzima ilizungumza hivyo. Baba kapanda? Bado. Baba kashuka? Kidogo. Ukimsikia mpita njia ungedhani Fundi anafanya kazi ya kupaka rangi maghorofa.

Na mara hii alikuwa kapanda kweli kweli. Alirudi mchana mmoja akisukuma mkokoteni, juu yake mimbari ya kanisa. Alisema ni aibu Neno la Mungu kusomwa juu ya mbao zilizobanduka, yeye ataitengeneza upya, bure, kwa siku tatu. Mchungaji alimshika mkono akambariki. Mpaka jua linazama, mimbari ilikuwa vipande kumi na tisa sebuleni na Fundi anaimba. Alichora ramani ya mimbari mpya yenye ngazi, makabati, na mahali pa kuwekea glasi ya maji. Mama Vifungo alidhani dawa imeanza kuzoeleka mwilini, maana mkebe ulikuwa unalia kila asubuhi. Kisha Jumatano, katikati ya kupiga randa, aliiacha randa juu ya ubao, akaingia chumbani, akalala.

"Zile randa zangu," Fundi aliuambia ukuta, kwa sauti ya upole kabisa, "mpe shemeji. Usiziuze kwa bei ya chuma chakavu."

Mama Vifungo alisimama upesi. Mara ya mwisho mumewe alipoanza kugawa vitu vyake kwa upole namna hiyo, walimwahi kwa dakika chache tu. Aliogopa, tena sana, lakini uso alioupeleka kwa Bibi ulikuwa mkavu.

"Mama, vuta kiti ukae hapa mlangoni."

Bibi alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akatema povu la mswaki dirishani. "Nilihangaika siku mbili kumzaa," alisema, akivuta kiti. "Kumkalia siku moja hakunishindi."

Mama Vifungo alipita nyumba nzima akiokota patasi, misumeno, visu na kila kitu chenye ncha au urefu wa kamba, akavitumbukiza kwenye gunia lake la mabaki ya vitambaa na kulikalia akiwa anampigia nesi.

"Vidonge amevipeleka wapi?" nesi aliuliza.

"Sadaka."

Nesi alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyekwisha kusikia mengi. "Nisikilize. Dirishani kwetu dawa hiyo hakuna mpaka gari la dawa lije wiki ijayo. Vile nilivyompa vilikuwa vya miezi mitatu. Vitafute. Aanze na kimoja leo jioni, si viwili, na Alhamisi mlete nimwone. Asiachwe peke yake hata chooni. Na akisema tena habari za kugawa randa, mlete saa hiyo hiyo, tutamlaza. Ila hata nikimlaza, dawa ndiyo hiyo sina."

Basi mambo yalikuwa wazi. Vidonge vilikuwa kwa Mungu, na Mungu ana ofisi.

*

Alimpigia Mama Mchungaji. Mama Mchungaji alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na simu yake siku zote ilishikwa na mkono uliokuwa na kazi nyingine.

"Bwana asifiwe, Mama Vifungo!"

"Amina, Mama Mchungaji. Kashuka."

"Eeh?"

"Kwa Fundi. Kashuka tangu Jumatano. Mara hii kashuka vibaya, sijapata kuona."

Upande wa pili kijiko kikaanguka sakafuni.

"Haleluya!" Mama Mchungaji alipiga ukelele mpaka Mama Vifungo akaiondoa simu sikioni. "Haleluya! Tunakuja!"

Simu ikakatwa. Mama Vifungo alibaki anaitazama. Ni Bibi, kule mlangoni, aliyecheka wa kwanza, kicheko cha puani.

"Umemwambia kashuka?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kumwambia ni nani aliyeshuka?"

Yesu wangu. Kanisani kinachoshuka ni kimoja tu, na kikishuka watu hupiga matari. Alijaribu kupiga tena, simu inatumika. Alijaribu mara ya tatu, bado inatumika. Mama Mchungaji alikuwa anazieneza habari njema.

Haikupita saa nzima, wakaja. Mama Mchungaji mbele, akina mama wanne nyuma, matari yanalia tangu kona ya duka la mkaa, na majirani wamejaa kwenye madirisha kama wamekatiwa tiketi. Waliingia sebuleni wakiimba, wakajikwaa kwenye vipande vya mimbari. Mmoja, mpiga tari mwenye miwani, alikalia msalaba wa mimbari bila kujua, akajua, akaruka.

"Yuko wapi mpakwa mafuta?" aliuliza Mama Mchungaji, jasho linamtiririka.

Bibi hakutoka kwenye kiti chake. Aliunyoosha mguu wake mmoja kuziba mlango. "Mnakwenda wapi?"

"Tumekuja kumwona Roho alivyoshuka, bibi yetu."

"Hapa hakuna roho aliyeshuka. Aliyeshuka ni mwanangu."

Tari la mwisho lililia peke yake, chwa, likanyamaza. Kwa juu ya kichwa cha Bibi waliona chumbani: shuka limevutwa mpaka juu, na mguu mmoja umebaki nje, soksi imetoboka kidole gumba. Wale akina mama wanne waliutazama ule mguu. Fundi aliyewahi kucheza mbele ya kanisa zima mpaka kiatu kikaruka! Mwenye miwani alinong'ona kwamba labda ni pepo, akafungua mkoba kutafuta mafuta.

"Dada," Mama Vifungo alisema, "ukimmwagia mume wangu mafuta kwenye shuka langu, utalifua."

Mkoba ukafungwa.

Aliwaeleza kwa kifupi. Mlima, bonde, mkebe, misumari, randa. Alipofika kwenye randa alijikaza kisabuni, akamaliza. Akina mama wakaanza kutoka mmoja mmoja, matari yameshikwa kwapani yasilie, kila mmoja amekumbuka ana jambo jikoni. Mama Mchungaji peke yake ndiye aliyebaki. Alikuwa ameinamisha uso.

"Kwa hiyo kushuka kwenyewe," aliuliza polepole, na ile sauti ya kuamsha mtaa haikuwepo, "ndiyo huku kulala tu?"

"Si kulala tu. Ingia umwone."

Mama Mchungaji aliutazama mlango wa chumba, kisha akarudi hatua moja nyuma. "Vidonge viko kwa Mhazini," alisema. "Kilichoingia kapuni ni cha Mhazini mpaka Bwana arudi." Akatoka upesi, akalisahau na tari lake juu ya kipande cha mimbari.

*

Mhazini alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni. Waumini walimwita Kufuli, na yeye alidhani ni sifa. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya kanisa, chenye meza, kalenda ya mwaka juzi na sefu ya chuma ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Mama Vifungo aliingia bila kubisha hodi ya pili.

"Nimefuata vidonge vya mume wangu."

Mhazini alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndivyo alivyokuwa akifanya darasani kabla ya kumchapa mtu. "Mama Vifungo, sadaka hairudishwi."

"Si sadaka. Ni dawa."

"Ilipoingia kapuni ilikuwa dawa. Ilipoombewa ikawa sadaka."

"Kwa hiyo sasa mnampa nani? Kuna malaika mgonjwa?"

"Tusifanye mzaha na mambo matakatifu. Kuna utaratibu. Andika barua, ipite kwa wazee wa kanisa, kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao."

"Mume wangu hana mpaka Jumamosi ya kwanza, mwalimu." Hakuwa amepanga kulia, na machozi yalimtoka kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Asubuhi hii kanigawia randa zake. Unaelewa fundi akigawa randa zake maana yake nini?"

Mhazini alielewa. Ilionekana usoni alivyoelewa, maana aliuma mdomo na kuangalia kalenda ya mwaka juzi. Lakini mtu aliyeishi na utaratibu miaka sitini na saba hauachi hivi hivi. "Mimi naumia kama wewe," alisema. "Ila ufunguo ni mmoja kwangu, mmoja kwa Mchungaji, na neno ni la kikao. Nikikurudishia wewe leo, kesho atakuja mwenye kuku wake."

Mama Vifungo alijifuta uso kwa kiganja. Akatulia. Waliomjua wangejua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa.

"Sawa, mwalimu. Askofu anakuja lini?"

"Jumapili hii. Kwa nini?"

"Na atahubiri akiwa amesimama wapi?"

Wiki ya tatu sasa Mchungaji alikuwa anahubiria kwenye meza ya chai, ile ndogo ya miguu mifupi, akiinama kusoma kila mstari kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, na kila baada ya ibada mgongo ulikandwa.

"Maana mimbari iko sebuleni kwangu," Mama Vifungo aliendelea, kwa upole ule ule wa mumewe, "vipande kumi na tisa, mbao kavu, nzuri. Na mimi nina maharage ya mwaka jana, magumu, yanakula kuni si mchezo. Nikitoka hapa naenda kuyaweka jikoni."

"Huwezi kuchoma mimbari!"

"Andika barua. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi."

Mhazini alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Kufumba na kufumbua alikuwa uani, anaita, "Mchungaji! Mchungaji, njoo na ufunguo!"

*

Mchungaji alifika ameshika kiuno. Alikuwa mtu mpole kwa kweli, mwoga wa ugomvi, aliyependa watu wote wafurahi, na mambo mengi mabaya kanisani kwake yalitokana na hilo tu. Aliposikia habari ya maharage alimwambia Mama Vifungo kwa huzuni, "Mwanangu, mimbari ni kitu kitakatifu."

"Na mume wangu je?"

Mchungaji akatoa ufunguo.

Sefu ilifunguka kwa mlio. Mama Vifungo alitarajia kuona bahasha na chupa moja. Alichokiona kilimfanya asogee karibu. Rafu ya juu kulikuwa na bahasha za sadaka zimepangwa. Rafu ya chini kulikuwa na chupa za dawa, mikebe, karatasi za vidonge zimefungwa kwa mpira, kifaa cha kuvuta pumzi cha mtu wa pumu, na miwani miwili. Vitu vya Jumapili za Ushindi tatu au nne. Kila kimoja kimebandikwa kikaratasi na mwandiko mzuri wa mwalimu wa hesabu, mtoaji na tarehe, maana Kufuli hakuwa mwizi, hata kidogo, alikuwa mtunzaji.

"Hiki cha pumu ni cha nani?"

"Yule binti wa kwaya, sauti ya kwanza."

"Anayeishiwa pumzi kila ubeti wa tatu? Mnasema anaimba kwa hisia?"

Mama Vifungo alikipata cha Fundi, chupa ya plastiki aliyomiminia vidonge, imejaa, akaitia kifuani ndani ya nguo kabla hata hajaisoma vizuri. Akaishika inayofuata. "Hii presha ni ya dereva wa lori. Nipe nimpelekee, nitapita kwake njiani."

Mhazini alivua miwani, safari hii hakuifuta. Mchungaji alitazama chini. Ndipo Mama Vifungo alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe, kwa cherehani yake, alimshonea mke wa dereva nguo nyeusi mwezi wa pili. Dereva alianguka akishusha turubai. Kanisani walisema Bwana ametwaa.

Aliirudisha ile chupa ndani ya sefu taratibu, akaigeuza kikaratasi kiangalie ukutani.

"Sikujua," Mchungaji alisema. Alikuwa amekaa juu ya kiti kilichoanguka, pembeni, vibaya. "Naapa sikujua kama wameziacha kweli. Nilidhani... ile ni ibada tu. Mtu anatoa mbele za watu, halafu nyumbani..."

"Ulijua, Mchungaji," Mhazini alisema. "Tulijua wote wawili. Kila mara niliposema tufungue tukazitupe, ulisema ziache. Kitu ambacho hakina mwenyewe si mtu hukitupa?"

Mlango ulisukumwa. Mama Mchungaji alikuwa amesimama na sinia ya chai, vikombe vitatu, kama aliyeagizwa, na hakuna aliyemwagiza. Aliiona sefu iko wazi. Aliweka sinia mezani, chai ikamwagika kwenye barua za kanisa asijali, akapiga magoti kwa shida mbele ya rafu ya chini, akanyoosha mkono hadi nyuma kabisa. Hakutafuta. Alijua mahali. Akatoa karatasi ya vidonge iliyokunjwa, isiyo na kikaratasi cha Mhazini.

"Hiyo ya nani?" Mchungaji aliuliza.

"Yangu."

"Yako ya nini? Wewe huumwi!"

"Ile Jumapili ya kwanza, mhubiri alipoita hakuinuka mtu," Mama Mchungaji alisema, bado amepiga magoti. "Ukanitazama. Nikasema mke wa mchungaji akibaki kitini, nani atasimama? Nikaenda. Watu wakanifuata. Kabla Mhazini hajabandika vikaratasi vyake, niliisukuma huku nyuma."

"Mke wangu, mbona hukuniambia unaumwa?"

"Nilikuambia. Baada ya kumzika mtoto. Nilikuambia asubuhi siinuki, naona kifua kimejaa mchanga, ukasema tuombe. Tukaomba. Nikainuka, nikapiga tari. Nimepiga tari miaka miwili, baba, mkono wenyewe umechoka."

Mchungaji alianza kulia, bila sauti, mkono bado uko kiunoni. Mama Mchungaji akageuka kwa Mama Vifungo.

"Leo uliponipigia simu ukasema kashuka, nilielewa. Nilielewa tangu neno la kwanza. Hospitali waliniandikia jina refu, sikuweza kulitamka, wewe umelisema kwa neno moja. Nikapiga haleluya ili nisilisikie. Kisha nikakusanya watu ili nisije peke yangu. Unisamehe."

Mama Vifungo alikuwa na maneno makali ya kutosha siku tatu, na hakulipata hata moja. Aliichukua ile karatasi mkononi mwa mwenzake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi zimekwisha muda tangu mwaka jana, usizimeze," alisema. "Alhamisi nampeleka Fundi kliniki. Saa moja uwe barabarani. Njoo na kiti, foleni yao haina adabu."

*

Fundi alikitazama kidonge kwenye kiganja cha mkewe.

"Nilishampa Mungu."

"Mungu kakirudisha. Kasema si saizi yake."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano mdomo wake kujikunja upande. Hakikuwa kicheko, tusidanganyane. Alikimeza, akarudi ukutani kwake. Bibi akasogeza kiti chake hatua moja ndani ya chumba. Usiku ule walipeana zamu, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Alhamisi walikwenda watatu na viti vitatu, nesi akaongeza kidonge cha pili, akamfungulia Mama Mchungaji faili jipya na kumwambia asimame chini ya kipimo cha urefu kama kila mtu.

Jumapili, Askofu alihubiri ameinama juu ya meza ya chai, akafupisha. Watu walisema tangu awe askofu hajawahi kuhubiri vizuri vile. Baada yake Mchungaji alisimama na tangazo. Aliligugumia, akalirudia, akaomba radhi kwa jambo ambalo nusu ya kanisa hawakulielewa na nusu nyingine walilielewa mara moja. Mwisho alisema wale waliowahi kutoa vitu vyenye lebo ya hospitali, vitu vyao viko kwa Mama Vifungo, wavifuate polepole, bila matari. Jina la dereva alilitaja peke yake, kisha akashindwa kuendelea.

Walikuja. Binti wa pumu alikuja siku ile ile, kwa mlango wa nyuma. Mzee mmoja alikuja kudai miwani yake na akataka kujua kwa nini kwa miaka miwili waliacha asome zaburi kwa kubahatisha. Wengine walikuja kwa jambo lisilokuwa na chupa. Hawa walikaa sebuleni kati ya vipande vya mimbari, hawajui waanzie wapi, mikono imewalegea mapajani. Mama Vifungo hakuwa mhubiri wala nesi. Alichukua msasa wa mumewe, akaukata vipande, akampa kila mtu kipande na ubao wake.

"Sugueni," alisema. "Mwenye la kusema atasema, asiye nalo asugue."

Wakawa wanakuja kila Alhamisi mchana. Wanasugua. Mama Mchungaji anasugua msalaba. Mhazini naye alikuja, akasema amekuja kuhesabu vipande tu, akasugua mpaka jioni. Alhamisi ya tatu, katikati ya kwaru-kwaru hiyo, sauti ilitoka chumbani, ya ukali, iliyokauka kwa kutotumika.

"Nani huyo anasugua kukata nyuzi? Fuateni nyuzi za mbao! Mnaniharibia!"

Wote waliacha kusugua. Bibi, kwenye kiti chake, alifunika mdomo kwa upande wa kanga.

Mimbari haikuisha upesi. Fundi alikuwa akitoka chumbani nusu saa, siku nyingine dakika kumi, anatazama, anaguna, anarudi. Nesi alisema ndivyo inavyokuwa, na asiyeridhika apande yeye.

Jumanne moja asubuhi simu ya Mama Vifungo ililia akiwa na pini tano mdomoni, mbele yake mteja amesimama na sketi ya nusu. Alizitema pini.

"Mama Vifungo." Sauti ilikuwa ndogo, imetoka mbali. "Ni mimi. Nimeshuka."

Mama Vifungo hakusema haleluya. "Mchungaji yupo?"

"Kasafiri mpaka kesho. Niko peke yangu."

"Fungua mlango wa mbele, ukae hapo mlangoni watu wakuone. Usikate simu. Nakuja."

"Nani kashuka?" Bibi aliuliza kutoka uani.

"Mama Mchungaji."

"Roho, au yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Basi bebeni chai."

Mama Vifungo alishika chupa ya chai kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, akamwacha mteja na pini zake, akafika mlangoni. Nyuma yake alisikia kitu kikiburuzwa chini ya kitanda. Fundi alikuwa amepiga magoti, shati limefungwa vifungo vya kupishana, anatafuta kiatu cha pili.

"Mwambie tunakuja wawili," alisema.